Pioni nyepesi kuliko sufuri

Swali: Mimi hufundisha fizikia katika shule ya upili hapa Umoja. Kijana wangu mmoja wa Kidato cha Nne alinijia na makala aliyoisoma kwenye simu. Ilisema kwamba ndani ya maada ambamo kwaki za mkono wa kulia ni nyingi kuliko za mkono wa kushoto, mraba wa tungamo ya pioni unaweza kushuka chini ya sufuri. Akaniuliza, "Mwalimu, basi hiyo pioni inakimbia kuliko mwanga?" Nikamwambia nitamjibu Ijumaa. Ijumaa zimepita mbili. Je, ni kweli? Na hizi nadharia zinazotumia mesoni badala ya kwaki zenyewe, ni fizikia kamili au ni kubahatisha?

Jibu: Mwalimu, mwambie kijana hapana, haikimbii kuliko mwanga. Kisha umwambie kwamba makala yake haikudanganya. Yote mawili ni kweli, na ili uyaone yakikaa pamoja unahitaji kikokotoo, mlinganyo mmoja wa kwadratiki, na subira kidogo tueleze kwanza ni maada gani hii.

Tuanze na mikono. Kwaki ni chembe ndogo zinazounda protoni, na pioni ndiyo nyepesi kuliko zote katika mesoni, chembe zinazoundwa na kwaki moja na kwaki pinzani moja. Kila kwaki ina kitu kinachofanana na kuzunguka kwenye mhimili, tunakiita spini. Kwaki inayokwenda mbio huku spini yake imeelekea mbele, kama skrubu ya kawaida inavyozama mbaoni ukiikaza, ni ya mkono wa kulia. Ile ambayo spini yake imeelekea nyuma ni mashoto. Kiswahili kimetupendelea hapa, jina tulikuwa nalo tayari.

Wewe ni mtu wa Eastlands, Gikomba unaijua. Robota la viatu likifunguliwa, unatarajia vya kulia na vya kushoto vitoshane, hata kama vimevurugika. Ukikuta vya kulia 60 na vya kushoto 40 hutauliza bei kwanza, utauliza vya kushoto vimekwenda wapi. Kwa kwaki swali ni hilo hilo, na njia za kubadili mkono ni mbili.

Njia ya kwanza ni ya glavu. Chukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ya mkono wa kushoto, uigeuze ndani nje. Sasa ni ya kulia. Tungamo ya kwaki ndiyo inayogeuza glavu: kwaki isiyo na tungamo hubaki na mkono wake daima, yenye tungamo hugeuka, na kadiri tungamo ilivyo kubwa ndivyo inavyogeuka upesi. Kwaki ya juu ina MeV 2 hivi na ya chini MeV 5 hivi (MeV ni kipimo cha nishati tunachokitumia pia kwa tungamo), wakati protoni nzima ni MeV 938. Kwa hiyo kugeuka huku ni kwa polepole, na tena hugeuza pande zote mbili, kulia kwenda kushoto na kushoto kwenda kulia. Kazi yake ni kusawazisha. Robota lenye upungufu halitoki hapo.

Upungufu unatoka kwenye njia ya pili. Mwaka 1969 Stephen Adler, na kando yake John Bell na Roman Jackiw, walionyesha kwamba hesabu ya "kulia toa kushoto", ambayo kwenye karatasi ilionekana ni lazima ihifadhiwe, haihifadhiwi pale uga unapojisokota kwa namna fulani. Wao walikuwa wakisumbuliwa na jinsi pioni isiyo na chaji inavyovunjika kuwa miale miwili ya mwanga. Mwaka 1976 Gerard 't Hooft akaonyesha jambo hilo lina maana gani kwa uga wa gluoni, ule unaozibana kwaki ndani ya protoni. Uga huo unaweza kupiga fundo. Kila fundo moja linapopigwa, kwa kila aina ya kwaki nyepesi moja hutoka mkono mmoja ikaingia mwingine, na tofauti inabadilika kwa mbili.

Mafundo hupigwa upande wowote kwa uwezekano sawa, kwa hiyo ukijumlisha migongano mingi ya viini vya atomu, ambako maada hii hutafutwa, upungufu wa wastani ni sufuri. Sheria ya asili haijapendelea mkono. Lakini rusha sarafu mara 100 kila siku mwaka mzima: wastani wa vichwa utakaribia 50, na bado siku za kupata 50 kamili hazitafika moja kati ya kumi. Tone moja la maada ya moto, katika mgongano mmoja, linaweza kabisa kuwa na vya kulia zaidi. Tone la jirani likawa na vya kushoto.

Kipimo cha upungufu huo huandikwa μ₅. Kisome kama bei: kuongeza kwaki ya kulia kunapunguziwa gharama kwa μ₅, kuongeza ya kushoto kunapandishiwa kwa μ₅ hiyo hiyo. Hapa nina kinyongo kidogo na baadhi ya makala za fani yetu, maana huishika μ₅ kama kwamba imeandikwa kwenye jiwe. Glavu zinaendelea kugeuka na mafundo yanaendelea kufunguka. Ni bei ya muda, na hesabu zote nitakazokupa zinadai kwamba tone liishi muda mfupi kuliko muda wa kusawazika.

Sasa mesoni. Ungetarajia tuchukue milinganyo ya kwaki na gluoni tuitatue moja kwa moja, lakini kwenye nishati ndogo mvutano kati ya kwaki ni mkubwa kiasi kwamba njia ya kukadiria hatua kwa hatua inavunjika. Isitoshe, hakuna aliyewahi kushika kwaki iliyo peke yake. Kinachotoka kwenye migongano kwa wingi ni pioni: zenye chaji MeV 140, isiyo na chaji MeV 135.

Wepesi huo ulikuwa kitendawili hadi Yoichiro Nambu alipokitegua mwaka 1960 na 1961, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Alisema ombwe si tupu. Limejaa jozi za kwaki na kwakipinzani zilizoganda, na mgando huo unaunganisha mkono wa kulia na wa kushoto. Pioni ni wimbi linalopita juu ya mgando kama upepo juu ya majani ya mpunga. Kama kwaki zingekosa tungamo kabisa, wimbi hilo lingekosa tungamo pia. Tungamo ndogo ya kwaki inaipa pioni tungamo ndogo, na uhusiano huo uliandikwa mwaka 1968 na Gell-Mann, Oakes na Renner: mraba wa tungamo ya pioni ni tungamo ya kwaki mara mgando, gawanya kwa mraba wa namba moja ya kipimo, MeV 92 hivi.

Ndipo ikawezekana kusema: kwenye nishati ndogo, sahau kwaki. Andika milinganyo ya pioni peke yake, ruhusu kila neno ambalo ulinganifu wa mikono unaruhusu, lipange kwa ukubwa, na mbele ya kila neno weka namba utakayoipata kwa kupima. Steven Weinberg aliiweka kanuni hiyo wazi mwaka 1979, Jürg Gasser na Heinrich Leutwyler wakaifanya chombo cha kazi mwaka 1984. Mimi huiita nadharia ya kiwango, kwa kuwa inafaa kwa kiwango fulani cha nishati na haijidai kuvuka hapo. Mtu wa Rongai anayekadiria nauli ya jioni hahitaji kujua shinikizo ndani ya silinda za injini ya matatu. Anahitaji umbali, saa, na kama kunanyesha, na zile namba za kuunganisha amezijua kwa kulipa. Kukadiria hivyo si kubahatisha. Atabahatisha siku atakapotumia namba zile zile kukadiria nauli ya ndege.

Na mvua ikinyesha, gari ni lile lile lakini nauli si ile. Ndivyo μ₅ inavyozifanyia mesoni.

Nikupe hesabu niliyokuahidi. Mtindo wake unatoka kwa Alexander Andrianov, Vladimir Andrianov, Domènec Espriu na wenzao, ambao kwa miaka kadhaa wamechunguza mesoni nyepesi katika maada ya namna hii. Wanatumia mfano wa sigma, uliozaliwa mwaka 1960 kwa Gell-Mann na Lévy, ambamo pioni inakaa pamoja na ndugu zake wazito. Ndugu anayetuhusu anaitwa a₀, MeV 980. Pioni na a₀ wanafanana karibu kwa kila kitu. Wanachotofautiana ni kioo: ukiangalia dunia kwenye kioo, pioni inabadili alama na a₀ habadili. Kwa kawaida tofauti hiyo inawazuia kuchanganyika. Lakini tone lenye upungufu wa mkono si sawa na taswira yake kiooni, kwa hiyo kizuizi kinaondoka. Kinachosafiri ndani ya tone si pioni tupu tena, ni pioni yenye chembe ya a₀ ndani yake.

Tuandike nishati E, kiasi cha mwendo k, na M² kwa maana ya E² toa k², tukitumia vipimo ambamo kasi ya mwanga ni 1. Mchanganyiko unatoa:

M⁴ − M²(mₐ² + mπ² + 16μ₅²) + mₐ²mπ² − 16μ₅²k² = 0

Weka mₐ = 980, mπ = 140, na μ₅ = 100, zote kwa MeV. (Katika mfano kamili mgando nao hubadilika na μ₅, na tungamo hizi mbili husogea kidogo. Tuziache zilivyo, kisa hakibadiliki.) Kwa k = 0 utapata mizizi miwili, M = 129 na M = 1060. Mwepesi amekuwa mwepesi zaidi, mzito amekuwa mzito zaidi. Wanasukumana.

Sasa ongeza k. Ona kwamba neno la mwisho linapungua, na linapofika sufuri, M² ya yule mwepesi inakuwa sufuri. Hilo hutokea k ikiwa mₐmπ gawanya kwa 4μ₅, yaani 343. Ukipita hapo, M² ni hasi. Kwa k = 500, M² ni −18,300 hivi kwa mraba wa MeV. Hicho ndicho kijana alichokisoma.

Hatari iko kwenye hatua inayofuata, na naamini ndipo kijana aliponaswa. E² ni 250,000 toa 18,300, kwa hiyo E = 481. Vitabu vya shule vinasema kasi ni k gawanya kwa E. Hiyo inatoa 500 juu ya 481, yaani 1.04. Imezidi mwanga!

Haijazidi. Kanuni ya k juu ya E inatoka kwenye dhana kwamba M ni namba moja isiyobadilika. Katika ombwe iko hivyo kwa lazima, kwa kuwa ombwe linaonekana sawa kwa aliyesimama na kwa anayekimbia. Ndani ya tone si hivyo. Tone lina mahali pake pa kutulia, na M inabadilika kadiri unavyokimbia ndani yake. Kasi ya kweli, ile inayobeba nishati na habari, ni mwinuko wa grafu ya E dhidi ya k. Mpe afanye mwenyewe: kwa k = 490 atapata E = 472.4, na kwa k = 510 atapata 490.4. Nishati imepanda kwa 18, kiasi cha mwendo kwa 20. Kasi ni 0.90 ya mwanga. Akiendelea kuongeza k, kasi itaukaribia mwanga bila kuupita. Na aangalie pia kama E inaweza kufika sufuri, hali ambayo ingemaanisha tone lote linabomoka. Haiwezi: weka E = 0 kwenye mlinganyo na unabaki na (k² + mₐ²) mara (k² + mπ²), zao ambalo halifiki sufuri kamwe.

Kuna mfano ulio karibu zaidi, nao uko kwenye glasi ya maji. Mwanga ndani ya maji una k ambayo ni mara 1.33 ya E. Fanya E² toa k², upate namba hasi. Hakuna aliyewahi kusema mwanga wa majini unaupita mwanga. Tunajua umepunguzwa kasi. Mraba hasi wa tungamo ndani ya maada ni lugha ya uhasibu ya kusema "E ni ndogo kuliko k". Makala zikiandika neno hilo bila kueleza, watu wanaona mizimu.

Kabla hatujatoka kwenye mlinganyo huu, utazame kwa k ndogo, maana unajibu sehemu ya pili ya swali lako vizuri kuliko mimi. M² ya mwepesi inakuwa takriban mₐ²mπ² − 16μ₅²k², gawanya kwa jumla iliyo kwenye mabano. Kwa namba zetu, neno lenye k ni 0.14 mara k². Yaani E² ni karibu 0.86k² jumlisha 129². Sasa tuseme hujawahi kusikia habari ya a₀. Wewe ni mtu wa pioni tu, unaishi kwenye k ndogo, unachoona ni kwamba ndani ya tone mraba wa kasi ya pioni umeshuka hadi 0.86 na tungamo yake imeshuka kidogo. Ungeandika nadharia ya pioni peke yake, ukaongeza neno la μ₅² mara k² na namba mbele yake, ukapima namba hiyo. Ndugu mzito angekuwa amejificha ndani ya namba, na wewe usingekosea chochote.

Hivyo ndivyo walivyofanya Espriu, Ángel Gómez Nicola na Andrea Vioque-Rodríguez mwaka 2020. Waliandika nadharia ya pioni pekee, ya aina mbili za kwaki nyepesi, μ₅ ikiwa ndani. Kwenye ngazi ya kwanza μ₅ haiigusi pioni hata kidogo, inaongeza tu namba isiyobadilika kwenye nishati ya ombwe. Kwenye ngazi ya pili yanatokea maneno mapya yenye μ₅², kila moja na namba yake isiyojulikana. Mfano wa sigma unakupa jibu leo, kwa namba kamili, lakini umeamua mapema ni ndugu gani wanahesabiwa. Nadharia ya pioni inakupa umbo la jibu bila kuamua, kisha inakuomba namba. Ukiniuliza mimi, ya pili ndiyo yenye msingi, na ya kwanza ndiyo inayokwambia utafute wapi. Kwenye k = 500 na μ₅ ya mamia ya MeV, ya pili imeshaishiwa uwezo, kwa hiyo ile M² hasi ya kijana wako ni kauli ya mfano wa sigma. Mwambie hivyo wazi.

Namba zinazokosekana zinaweza kutoka kwenye kompyuta. Fizikia ya kwaki hukokotolewa kwenye kimia cha nukta za nafasi na muda, na mara nyingi njia hiyo hukwama ukiongeza wingi wa kwaki, maana uwezekano unaopaswa kuwa chanya unageuka namba changamano. Kwa μ₅ haikwami. Kuanzia mwaka 2015 Victor Braguta na wenzake walifanya hesabu hizo, na zikamaliza ubishi uliokuwepo. Bila upungufu wa mikono, mgando wa Nambu huyeyuka kwenye joto la MeV 156.5 hivi, ambayo ni digrii trilioni 1.8. Je, μ₅ hupandisha joto hilo au hulishusha? Mifano mingi ya kwaki ilisema hushusha. Kimia kikasema hupandisha: upungufu unaukaza mgando. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya mifano ilikuwa imekata hesabu za nishati kubwa mahali pasipofaa, ikakata na sehemu ya μ₅ yenyewe. Ilipokatwa vizuri nayo ikakubali. Nadharia ya pioni ya mwaka 2020, ikipewa namba kutoka kwenye kimia, nayo inaona joto likipanda, ingawa kingo za makosa bado ni pana.

Kwenye maabara mambo ni magumu, na sitaki kijana adhani pioni hiyo imeshaonekana. Haijaonekana. Matone haya yanatafutwa Brookhaven kule Marekani, ambako viini vya dhahabu vilianza kugonganishwa mwaka 2000, na CERN kule Uswisi, ambako vya risasi vilianza mwaka 2010. Tone huishi takriban muda ambao mwanga huchukua kuvuka kiini kimoja kikubwa, sekunde 3 × 10⁻²³ hivi. Baadhi ya makala hufurahia kwamba pioni yenye M² hasi haiwezi kuvunjika kuwa miale miwili ya mwanga, na kwa hesabu ni sawa. Lakini pioni isiyo na chaji huishi sekunde 8 × 10⁻¹⁷. Tone limekufa zamani, pioni imetoka nje na imerudia tungamo yake ya kawaida kabla ya kufikiria kuvunjika. Ni kama kusema abiria hawezi kulala ndani ya lifti.

Wa kutazamwa ni mesoni ya ro, MeV 775. Hiyo huvunjika ndani ya sekunde 4 × 10⁻²⁴, ikiwa bado tumboni mwa tone, na mara chache hutoa elektroni na positroni ambazo hazijali nguvu ya kwaki na hutoka na habari zote. Ndani ya upungufu wa mikono, ro inagawanyika: ile inayozunguka kulia na ile inayozunguka kushoto zinapata tungamo tofauti, moja juu, moja chini, na ya tatu, isiyozunguka kulia wala kushoto, inabaki pale pale. Mwaka 2010 PHENIX, kundi moja la watafiti wa Brookhaven, lilitangaza ziada kubwa ya jozi za elektroni chini ya tungamo ya ro, na mwaka 2012 akina Andrianov na Espriu wakapendekeza kwamba mgawanyiko huu unaweza kuieleza. Kisha PHENIX wakapima upya kwa kifaa bora, na mwaka 2016 ziada ikapungua hadi kukubaliana na STAR, kundi jingine la Brookhaven, na maelezo ya kawaida ya ro iliyotanuka. Pendekezo halikufa. Lilichopoteza ni dalili yake nzuri zaidi.

Huenda kijana pia amesoma kwamba "athari ya sumaku ya mikono imekanushwa". Athari hiyo ni sumaku kutenganisha chaji ndani ya maada yenye upungufu wa mikono, na habari yenyewe ni ya mwaka 2021. STAR waligonganisha viini viwili vyenye nyukleoni (protoni na nyutroni) 96 kila kimoja, ruteni yenye protoni 44 na zirkoni yenye 40, wakitarajia uga mkubwa zaidi wa sumaku wa ruteni utenganishe chaji zaidi. Uchambuzi ulifanywa kwa kufumba macho, yaani wachambuzi hawakujua data ipi ni ya kiini kipi, na dalili waliyokuwa wameiandika mapema haikutokea. Lakini jaribio lile lilihitaji vitu viwili kwa pamoja, upungufu wa mikono na sumaku inayodumu. Kukosekana kwa matokeo hakusemi ni kipi kilichokosekana. Pioni na ro hazihitaji sumaku.

Sasa Ijumaa yako. Mlinganyo ule wa pioni na a₀ unafanana na wa kitu unachoweza kukijenga: pendulamu yenye kamba ya umbo la Y, juu ya kitu kinachozunguka. Tengeneza fremu ya mbao kama goli, uifunge kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka. Funga kamba mbili kwenye miti miwili ya goli zikutane kwenye fundo, na kutoka fundo ushushe kamba moja yenye nati nzito, ikae juu ya mhimili wa kiti. Kutoka usawa wa goli hadi nati iwe sentimita 80, kutoka fundo hadi nati 40. Kiti kikiwa kimetulia, nati ikibembea mbele na nyuma inatumia kamba yote na mzunguko mmoja ni sekunde 1.80. Ikibembea kufuata goli, inatumia sehemu ya chini tu, sekunde 1.27. Huyo wa polepole ndiye pioni, wa haraka ndiye a₀, na hawachanganyiki.

Zungusha kiti, mzunguko mmoja kwa sekunde 12. Kasi ya kiti inachukua nafasi ya 2μ₅. Sasa ukianzisha mbembeo wa mbele na nyuma, nati itaanza kwenda pembeni pia, na wa polepole atakuwa wa polepole zaidi: 1.89 badala ya 1.80. Kwa mibembeo kumi hiyo ni karibu sekunde nzima, simu inatosha kuipima, mradi simu ifungwe kwenye fremu izunguke nayo. Usiitegemee dunia ikuzungushie. Pale Panthéon, Paris, ambako Léon Foucault alitundika pendulamu yake mwaka 1851, dunia huigeuza duara zima kwa saa 32 hivi. Sisi Nairobi tuko digrii 1.3 tu kusini mwa ikweta, na ingetuchukua siku 44. Kiti nacho kisizidishwe kasi, nati itarushwa nje na fundo litaanza kupigapiga fremu. Mmoja wa wanafunzi akizungushe kwa mkono, mwingine amhesabie kwa sauti hadi 12.